Mwaka Niliosema Najua Maji

Mwezi uliopita Rajabu aliozesha binti yake pale Mtawanya. Nilikaa jamvini na akina mama wenzangu, sinia la pilau katikati yetu, naye akaja mlangoni kutusalimia, amevaa kanzu mpya na ameshika fimbo anayotembelea siku hizi kwa sababu ya magoti. Badala ya kusalimia na kwenda zake, aliinyoosha ile fimbo upande wangu akasema, "Huyu mnayemwona anakula taratibu hivi, bila yeye mimi nisingekuwa na binti wa kuozesha. Alinitoa kwenye mkondo wa Ruvuma, kiboko anatutazama." Akina mama wakanigeukia. Mmoja, jirani yake Rajabu, akaniuliza kama mimi ni mtu wa Mikindani. Kabla sijameza tonge, Rajabu alinijibia: "Wa Nanyamba huyu, kwenye mikorosho. Lakini kwa kafi aliwashinda watu wa pwani." Kisha akatazama chini, akaniaga kwa sauti ndogo, akarudi kwa wanaume wenzake. Kuna jambo analoliruka kila akisimulia habari ile, na tuliobaki tunaolijua ni sisi wawili tu. Amekuwa akiliruka kwa zaidi ya miaka thelathini, harusini na misibani, kwa kuwa ni mtu mwenye staha, na mimi kila mara nimenyamaza nikaendelea kula. Safari hii nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa uani, nikaona sasa inatosha. Niseme mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimepanga chumba Chuno, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi mrefu uliokuwa mweusi kwa moshi wa majiko. Dirisha langu lilitazama ukuta wa jirani. Nilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo mbili, na msumari wa kutundikia gauni. Kila asubuhi nilimsikia mama wa chumba cha pili akimwuliza mumewe, "Leo utarudi na nini?" na mume akijibu, "Nitarudi mwenyewe, si inatosha?" Wakacheka wote wawili, na mimi upande wangu wa ukuta nikacheka nao bila wao kujua. Kibarua changu cha kubangua korosho kilikuwa kimekwisha pamoja na msimu. Nilikula ugali wa muhogo na kisamvu kisicho na nazi, na jioni nilikunywa maji mengi ili nilale. Ndipo nilipoona tangazo lililobandikwa ukutani karibu na soko: mradi mmoja wa mikoko ulitaka vibarua wa miezi sita wa kuhesabu miti kwenye mlango wa Ruvuma. Awe amemaliza kidato cha nne, awe na mwandiko unaosomeka, na awe anajua maji.

Mwandiko ninao mzuri hadi leo. Maji niliyoyajua ni ya kisima. Aliyetuhoji alikuwa Bwana Hamisi, msimamizi wa kazi hiyo, mtu mfupi mkavu aliyekuwa akiandika huku anakuuliza, bila kuinua macho. "Unajua maji?" Nikasema najua. "Umejifunzia wapi?" Nikasema Mikindani, kwa shangazi. Sina shangazi Mikindani na sijawahi kuwa naye. Mpaka leo sijui yule shangazi alitoka wapi. Uongo wenyewe ndio uliomzaa, kama vile kitu kimoja kisingeweza kusimama bila cha kukiegemea. Bwana Hamisi aliandika, akanipa karatasi ya kusaini, akaniambia tutaondoka baada ya siku nane, na Jumatatu tuje kwanza ofisini.

Nilipokuwa nje napepea karatasi yangu wino ukauke, nilimsikia karani wake kupitia dirishani akimwambia kwamba mitumbwi miwili ya mradi ni mizima, lakini makafi hayapo. Baadhi yaliliwa na mchwa stoo, mengine mlinzi alipikia uji. Nilitegemea Bwana Hamisi angekasirika. Akasema kwa utulivu, "Basi kila mmoja aje na lake. Tena afadhali. Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo, lakini kafi atakalolichagua litanieleza kama anajua maji au hajui." Kazi nilikuwa nimeipata dakika tano zilizopita, na sasa kipande cha mti nisichowahi kukishika ndicho kingeamua kama itabaki kuwa yangu.

Rajabu alikuwa kibarua mwenzangu, nilimjua siku hiyohiyo. Alikuwa mwembamba, mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake, na alizungumza kama mtu aliyezaliwa katikati ya bahari. "Twende, nina fundi wangu hapahapa Chuno," aliniambia. Fundi wake alikuwa wa vitanda na makabati. Kafi alikuwa nalo moja, la mninga, limepigwa vanishi hadi unajiona, alilolitengeneza kwa ajili ya mwenye nyumba ya wageni aliyetaka pambo la ukutani kisha hakurudi. Nililishika. Lilikuwa zito kama mchi wa kutwangia, lakini nilidhani uzito ndio ubora, nikalitamani. Bei yake ingemaliza karibu nusu ya mshahara wa mwezi ambao nilikuwa hata sijaupata. Rajabu alitoa fedha alizotumiwa na kaka yake, akalibeba begani akatembea nalo mtaani, na watu wakawa wanamtazama. Nilimwonea wivu kwa siku mbili.

Siku ya tatu nilikwenda soko la samaki kutafuta la mtumba. Mvuvi mmoja alikuwa na kafi kuukuu lililofungwa kwa waya kwenye shingo, na bei yake ilikuwa ile hasa niliyokuwa nayo kwenye pindo la kanga. Nilipolishika akanitazama mikono, akaniuliza polepole, "Dada, unakwenda nalo wapi?" Nikamwambia Ruvuma. Akalichukua akalirudisha nyuma yake. "Hili ni la kutoka hapa kwenda pale kwenye nanga nikarudi. Nenda Mikindani, umwulizie Bi Mwanahawa. Usimwambie nimekutuma mimi, atasema namletea watu wasio na fedha." Nimekutana na watu wengi waliokataa kunipa kitu, na wengi wao siwakumbuki. Yule namkumbuka mpaka mkunjo wa shati lake.

Bi Mwanahawa alikuwa mjane wa mchonga mitumbwi. Mumewe alipofariki aliichukua tezo yake akaendelea kuchonga makafi uani kwake, kati ya jiko na banda la kuku, na wavuvi walinunua, ila hakuna aliyekubali kusema kwamba amenunua kwa mwanamke. Wakiulizwa walisema ni ya marehemu, yaliyobaki. "Marehemu ana bidii," Bi Mwanahawa aliniambia siku hiyo ya kwanza, bila kucheka. "Mwaka wa sita huu, bado anachonga." Alikuwa mnene, mwenye mikono myembamba isiyolingana na mwili wake, na hakupenda salamu ndefu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nataka nini. Nilipomwambia, akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliandalia jibu njia nzima. "Wewe umewahi kushika kafi?" Jibu nililoliandaa lilikuwa ndiyo. Nikamwambia hapana.

Sijui kwa nini kwake ukweli ulitoka. Labda kwa sababu hakuwa na karatasi mbele yake. Alikwenda jikoni akarudi na mbuzi ya kukunia nazi, akaikunjua, akaniambia nikae. "Watu wanapima makafi wamesimama, kama wanapima jembe. Mtumbwini utasimama? Unakaa. Basi nakupima umekaa." Alileta kafi refu la mti wa mtondoo, jepesi, lenye ufa mdogo kwenye ncha ya ubapa. Alilisimamisha kando yangu, akachukua kipande cha mkaa jikoni akatia alama usawa wa pua yangu, na nyingine chini, juu kidogo ya pale ufa ulipoishia. Lilikuwa limeagizwa na mwanamume mrefu aliyelikataa kwa ajili ya ule ufa. "Kilema chake kiko kwenye urefu ambao wewe huuhitaji," alisema. "Nikilikata juu na chini linabaki zima, na linabaki lako. Hakuna mwingine litakayemfaa." Kwa hiyo bei yake ilikuwa ndogo, na hata hiyo sikuwa nayo yote. Tukakubaliana nitamalizia kwa kumbangulia debe la korosho aliloletewa na nduguye. Hiyo kazi niliijua vizuri kuliko mtu yeyote Mikindani.

Siku tatu zile uani kwa Bi Mwanahawa ndizo ninazozirudia zaidi ninapozeeka. Mimi nabangua, vidole nimevipaka majivu nisiungue na mafuta ya maganda, naye anaranda, vipande vyembamba vya mtondoo vinaanguka miguuni mwake na kuku wanavikimbilia wakidhani ni chakula. Adhuhuri tulikula wali wa nazi na dagaa wa kukaanga, na yeye aliniongezea mchuzi bila kuniuliza, akisema nina mabega ya mtu wa kusoma magazeti, si ya kuvuta kafi. Majirani walipita kuchota maji wakasimama kuzungumza juu ya bwana mmoja aliyerudi kutoka Msumbiji na mke wa pili. Wale wake wawili, badala ya kugombana, wakapatana kutompikia. "Anakula wapi sasa?" aliuliza mmoja. "Kwa mama yake," akajibu mwingine, "na mama yake naye amechoka." Nilisahau hofu yangu nikicheka. Siku ya tatu Bi Mwanahawa alinipeleka ufukweni saa nne za asubuhi, maji yamekupwa, tukaingia kwenye mtumbwi wa mwanawe mahali palipokuwa na maji ya magotini. Alinifundisha kuchoma ubapa karibu na ubavu wa mtumbwi na kuuvuta kwa mgongo, si kwa mkono. "Unakoroga uji," alinikemea. "Usikoroge. Choma, vuta, toa." Hadi adhuhuri nilikuwa naweza kwenda mbele bila kuzunguka. Tukiwa tunavuta mtumbwi nchi kavu akaniuliza, "Na kuogelea?" Nilikuwa nimechoka, nimefurahi, na nilijua kwamba nikisema sijui hatanipa lile kafi. Nikasema, "Kuogelea najua, bibi." Akanitazama kidogo, kisha akanikabidhi.

Jumatatu tulisimama mstarini na makafi yetu kama askari wa mchezo wa kuigiza. Tulikuwa wanne. Wawili walikuwa vijana wa Msimbati, wavuvi hasa, makafi yao meusi kwa jasho. Bwana Hamisi aliyapita bila kuyagusa. La Rajabu alilishika, akajiangalia kwenye vanishi, akarekebisha kofia yake, akamrudishia. La kwangu alilichukua akaligeuza, akalipima mkononi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ubapa. "Nani amekukatia?" Nikasema Bi Mwanahawa wa Mikindani. Akaitikia kwa kichwa mara mbili. "Huyo hamkatii mtu ovyo," alisema. Kisha akapanga watu: yeye na wale vijana wa Msimbati wangekaa mtumbwi wa mbele wenye rangi, kamba na chakula. Rajabu na mimi tungewafuata kwenye ule mdogo. Nilishusha pumzi. Niliona nimevuka, na kwamba nikishindwa kitu, Rajabu mtu wa bahari yupo nami.

Kutoka Msimbati tuliingia kwenye mikoko kwa upande wa ndani, na kwa siku mbili sikuona ubaya wowote. Niseme kwamba nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kabla ya hapo. Njia za maji zilikuwa nyembamba, kijani juu na kahawia chini, na kimya chake kilikuwa na milio midogomidogo ya tope linalopumua. Tulifunga kamba kutoka mti hadi mti, tukahesabu, tukatia doa jekundu kwenye kila mti tulioumaliza, nami nikaandika kwenye daftari langu la plastiki. Tulilala kwenye vibanda vya wavuvi vilivyoachwa juu ya kilima cha mchanga. Tulikula ugali na kaa waliochemshwa kwa chumvi tu, na chai ya mchaichai. Bwana Hamisi alikula peke yake kando, akisoma hesabu za siku. Nilimsikia akiwaambia vijana wa Msimbati kwamba yule binti wa Mikindani ana mkono mzuri. Binti wa Mikindani ni mimi. Nilijifunika kanga nikaona aibu na fahari kwa wakati mmoja, na nikaiacha fahari ishinde.

Siku ya tatu ilikuwa ya bamvua, yale maji makubwa yanayojaa sana na kupwa kwa kasi. Saa tisa alasiri mtumbwi wa mbele ulikuwa umeshatoka kwenye kijito tulichokuwa tukihesabu, sisi tumechelewa kwa sababu nilirudia mstari mmoja. Maji yalianza kutukimbia. Mtumbwi ukakwama kwenye tope. Rajabu akasimama, akalisimika kafi lake topeni, akasukuma kwa uzito wake wote. Likavunjika shingoni. Alibaki na mpini mkononi, ubapa wenye vanishi ukabaki umesimama kwenye tope, na sisi tukachomoka na kuingia kwenye mkondo mkubwa, mahali mto unapokutana na maji ya bahari yanayotoka. Mtumbwi ulizunguka mara mbili. Upande wa kulia, mbali kama upana wa kiwanja cha mpira, nikaona masikio manne juu ya maji. Kisha sita.

"Rajabu, unafanya nini?" nilimwuliza, kwa kuwa alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mtumbwi, ameshika kingo zote mbili. Akasema bila kuinua uso, "Zena, mimi sijui kuogelea." Nikamwambia, "Si ulisema wewe ni mtu wa bahari?" Akasema, "Nilikuwa nauza sigara bandarini." Nami nikamwambia, "Na mimi sijui." Akainua kichwa akanitazama. Katika maisha yangu sijamwona tena mtu akinitazama vile. Tangu tuondoke yeye alikuwa akinitegemea mimi, na mimi nilikuwa nikimtegemea yeye, na katika mtumbwi wote hapakuwa na mtu.

Nikaanza kuchoma na kuvuta. Najua watu hupenda kusikia kwamba saa kama hiyo mtu hupata nguvu za ajabu. Mimi sikupata. Nilikuwa na nguvu zilezile za kubangua korosho, na kafi jepesi lililofika puani kwangu, na sauti ya mwanamke mnene ikinikataza kukoroga uji. Lile la mninga lisingeniwezesha, ningechoka kabla ya mara ya hamsini. La waya lingekatika mapema kuliko la Rajabu. Sikushindana na mkondo, maana nisingeuweza. Nilivuta upande mmoja tu ili tusogee kidogokidogo kuelekea mikokoni wakati maji yakitubeba, na Rajabu, alipoona tunasogea, alikaa akaanza kuchota maji ndani kwa kopo la rangi, akihesabu kwa sauti kila kopo, sijui kwa nini. Kiboko mmoja alizama. Hatukujua ameelekea wapi, na Rajabu aliacha kuhesabu. Hatimaye ubavu wa mtumbwi uligusa mizizi. Tuliikumbatia kama mtu anavyomkumbatia ndugu aliyepotea, magamba yake yakatukata mikono, na hatukuiachia. Kule katikati, mahali tulipokuwa muda mfupi kabla, yule kiboko akaibuka, akapumua, akageuka kwa wenzake. Hakuwa na habari nasi.

Bwana Hamisi na vijana wa Msimbati walitukuta baada ya muda ambao siwezi kuukadiria. Hakupaza sauti. Alitufunga kamba, akatuvuta hadi kwenye kilima cha mchanga, akawaambia vijana wale wapike. Kisha akatuketisha mbele yake. Rajabu alianza kueleza habari ya kafi kuvunjika. Mimi ndiye niliyemkatiza. Nilisema yote: kwamba sijui kuogelea, kwamba kafi nilijifunza asubuhi moja, kwamba sina shangazi Mikindani. Nilipomaliza nilihisi nimetua mzigo, hata kabla ya kujua nitafukuzwa au la.

"Rajabu nilimjua siku ileile ya Jumatatu," alisema. "Mwenye kafi la vanishi hajui maji. Nikamweka na wewe makusudi, ili awe na mtu. Wewe sikukujua. Kafi lako lilikatwa kwa kipimo, na aliyekukatia ninamheshimu. Lilinidanganya." Alikuna kidevu. "Sasa nisikilize, binti. Ulidhani uongo wako ungekuua wewe. Leo, kama ningewaona mnazama, nani angeruka kuwafuata? Ni mimi. Nina watoto watano."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Kwa siku nane za kuhangaika na mbao za watu, na kwa siku tatu za kujiona shujaa wa mikoko, nilikuwa nimejihesabu peke yangu. Nililia, na Rajabu naye akalia, na vijana wa Msimbati wakageukia sufuria lao kwa adabu. Bwana Hamisi alitusubiri tumalize, akasema alikuwa amefanya kosa lake pia, la kuuliza mtu swali bila kumtazama usoni. Akasema siku mbili zilizobaki nitakaa mtumbwi wake na Rajabu atakaa nchi kavu akinakili hesabu. "Safari ya pili ni baada ya wiki tatu. Mwandiko wako nauhitaji. Ukija unajua kuogelea, kazi ni yako. Ukija hujui, niambie hujui, nitakutafutia ya mezani mpaka ujue. Lakini usinidanganye tena." Tukala. Ilikuwa ugali na samaki wa kuchoma aliyeungua upande mmoja, na sijala tena samaki mtamu kama yule.

Nimefanya kazi na watu wengi tangu siku hiyo, mikokoni na ofisini, na wengine walinidanganya, na nilipowashika nilijaribu kufanya kama alivyofanya yeye. Sikuweza kila mara. Bwana Hamisi alifariki miaka mingi iliyopita, kwa amani, nyumbani kwake, watoto wote watano wamemzunguka. Niliposikia hivyo nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo wengine pale msibani wasingelielewa.

Ilibaki Bi Mwanahawa. Nilikwenda kwake siku ya pili baada ya kurudi, nikamkuta anapepeta mchele, nikamwambia nilimdanganya. Aliendelea kupepeta. "Nilijua," alisema. "Mtu anayejua kuogelea hashiki kingo za mtumbwi kwenye maji ya magotini." Nikamwuliza kwa nini basi alinipa kafi. Ungo ukasimama. Akasema kwamba usiku wa siku niliyoondoka aliamka akajiuliza swali hilohilo, na kwamba hakuwa amepata usingizi mzuri mpaka aliponiona mlangoni sasa hivi, nina miguu yote miwili. Alimaliza mchele, akafunga kanga ya pili kiunoni, akaniambia nimfuate.

Tulikwenda kila asubuhi kwa wiki mbili, mahali wanawake wa Mikindani huoshea vyombo. Nilikunywa maji ya chumvi mengi kuliko chai. Alinishika chini ya mgongo kwa ile mikono yake myembamba, akanilaza chali, akaniambia nisipigane, niyaache maji yafanye kazi yao. Kila nilipohisi hakuna kitu chini yangu nilijikunja, nikazama, nikaibuka nakohoa, naye alikuwa akiendelea kusimulia habari za yule bwana wa Msumbiji, ambaye sasa alikuwa amejifunza kupika mwenyewe. Asubuhi ya kumi na moja nililala chali masikio yamezama, nikawa nasikia sauti yake kama inatoka chumba cha pili, maneno hayaeleweki, mvumo tu. Mbingu ilikuwa nyeupe. Nikakaa hivyo muda mrefu, nimetulia kama mtoto mgongoni. Kisha nikagundua kwamba ule mvumo ulikuwa umekoma, nikageuza shingo kumtafuta. Alikuwa ufukweni, mbali, amekaa juu ya jiwe anakamua kanga yake, na alikuwa huko kwa muda ambao sikuujua. Nikashusha miguu nikitegemea kuzama, nikakanyaga mchanga, nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.